Maembe Yaliyovishwa Karatasi

Mimi ni mtu wa Muheza, na mtu wa Muheza hatishwi na tunda. Kwetu msimu wa machungwa ukifika hata mbuzi walikuwa wakichagua: wanalamba hili, wanaliacha, wanakwenda kwenye lile. Baba alikuwa na shamba la michungwa nyuma ya nyumba, na kila mwaka sehemu kubwa ya mavuno iliozea chini, kwa sababu madalali waliokuja na malori walichukua walichotaka, kwa bei waliyotaka, wakaondoka. Kwa hiyo siku nilipomwona mwanamke wa Kijapani, pale Midrand, Afrika Kusini, anakata tufaha moja vipande vinane ili kulisha watu wanne, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huruma wala mshangao. Kilikuwa dharau. Dharau hiyo niliilea karibu miaka mitatu kama mtu anavyomlea kuku wa mayai, maana ilinilisha.

Ilikuwa mwaka 2016. Nilikuwa nauza matunda Hillbrow, katikati ya Johannesburg, kwenye kona moja chini ya ghorofa ambalo lifti yake iliacha kupanda kabla mimi sijafika mjini. Jirani yangu wa biashara alikuwa mama mmoja wa Bukavu, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, aliyeuza parachichi na nyanya. Ndiye aliyeniletea habari ya kazi. Aliisikia kanisani kwao.

"Dada," aliniambia, "kule Midrand kuko mama moya, ni Muchina, anatafuta mutu wa kazi. Siku tatu kwa juma."

"Mchina au Mjapani?"

"Bote ni bamoya. Enda tu, weye unajua Kingereza. Mimi nitauza vitu vyako."

Alikuwa Mjapani. Mumewe alikuwa mhandisi, amehamishiwa Johannesburg na kampuni yao ya vipuri vya magari kwa miaka mitatu, na walipewa nyumba ndani ya estate yenye ukuta mrefu, nyasi zilizokatwa kama nywele za mwanajeshi, na bata kwenye bwawa. Hawakuwa na mtoto. Yeye na mimi tulikuwa karibu rika moja. Kiingereza chake, kama changu, kilikuwa cha kuombea maji, kwa hiyo tulielewana vizuri sana.

Siku hiyo ya tufaha ilikuwa siku yangu ya kwanza. Wake wawili wa Kijapani, majirani zake, walikuja kunywa chai. Alitoa tufaha kwenye friji. Lilikuwa limevaa soksi ya sponji. Akalivua, akaliosha, akalipangusa, akalikata, na kila kipande akakichonga ganda lake hadi likasimama kama masikio ya sungura. Kipande kimoja akakiweka mbele ya picha ya marehemu mama yake, juu ya kabati. Wageni wakapata viwili viwili. Na mimi, mtumishi, nikaletewa viwili jikoni, kwenye kisahani, pamoja na kiuma kidogo cha kuchomea.

Nilivila. Kisha nikakaa kusubiri tufaha lenyewe lije.

Halikuja. Nikajua nimeingia nyumba ya watu waliofilisika, na nikaanza kujiuliza kama mshahara wangu nitauona. Lakini gari mbili zilikuwa nje, na runinga yao ilikuwa pana kuliko kitanda changu. Wageni walipoondoka nilishindwa kujizuia.

"Madam," nikamwuliza, "matunda ni mwiko kwenu?"

Hakuelewa. Nilipomwonyesha soksi ya sponji na kuinua kidole kimoja, akacheka kwa kufunika mdomo. Akachukua simu yake akanionyesha picha: tikiti dogo la mviringo, limelala ndani ya sanduku la mbao, kikonyo chake kimesimama kama herufi T, na limefungwa utepe. Pembeni palikuwa na bei kwa fedha ya kwao. Akaigeuza iwe randi.

"Umekosea sifuri," nikamwambia.

Akapiga hesabu tena. Hakukosea. Ilikuwa kodi ya chumba changu ya mwezi mzima, pamoja na umeme.

"Linatibu nini?"

"Halitibu. Ni tamu tu."

"Nani ananunua?"

"Hakuna anayejinunulia. Unampa mtu. Bosi. Daktari aliyekupasua. Mama mkwe."

"Na yeye analila?"

Akafikiri kidogo, kwa uaminifu, maana alikuwa mtu mwaminifu. "Wakati mwingine naye anampa mtu mwingine."

Nikacheka mbele yake bila kufunika kitu. Akaniketisha, akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Kwamba mmea mmoja wa tikiti huachiwa tunda moja, mengine yote hung'olewa yakiwa machanga ili hilo moja linyonye utamu wote. Kwamba stroberi hulazwa kila moja kwenye kiota chake. Kwamba hayo ya masanduku ni ya zawadi, na kuna ya bei nafuu ya kula nyumbani, lakini hata hayo mtu wa kawaida hununua moja moja, na baada ya chakula cha jioni hukatwa na kila mtu akapata kipande. Kwamba tunda zima la peke yako ulilipata ukiwa mgonjwa.

"Nilipokuwa mdogo," akasema, "nilikuwa naomba homa."

Nilimtazama. Msichana anaomba homa apate tunda. Mimi nilipokuwa mdogo tulipigwa kwa kurushiana machungwa.

Kesho yake pale Hillbrow niliigiza kila kitu. Nilimfanya yule mama wa Bukavu awe bosi, nikamwinamia mpaka paji la uso likakaribia nyanya zake, nikamkabidhi parachichi kwa mikono miwili. Watu wa kona nzima walikusanyika. Kinyozi wa Kirundi aliacha kichwa cha mteja nusu.

"Banalipa kodi ya nyumba ju ya tunda moya, halafu habakule?" mama wa Bukavu akauliza.

"Hawali. Wanapeana."

"Seigneur!" akasema, akajipangusa machozi kwa khanga. "Na sisi tunaitwa bajinga."

Tangu siku hiyo kila nikitoka Midrand nilisubiriwa. Niliwapa habari ya zabibu zinazokatwa kwa mkasi na kumenywa moja moja kwa ajili ya mgeni. Niliwapa habari ya mume, aliyesimama mbele ya ndizi sita nilizonunua kwenye spaza, kiduka cha nje ya geti, akauliza kama tunategemea wageni. Nilizidisha kidogo, sikatai. Dharau ikipata wasikilizaji hunenepa.

Mwanzoni mwa mwaka 2017 mkurugenzi mmoja alikuwa anakuja kutoka Japani kukagua kazi, na chakula cha jioni kiliamuliwa kiwe kwao. Madam alikosa usingizi. Kilichomsumbua hakikuwa nyama wala samaki. Kilikuwa tunda la mwisho wa chakula. Alikwenda maduka matatu makubwa akarudi mikono mitupu, kwa sababu kila embe lilikuwa na doa, au lilipinda, au kikonyo kilivunjika vibaya.

"Wewe unajua matunda," akaniambia. "Nitafutie maembe matatu yasiyo na kosa."

Yasiyo na kosa! Nilijisemea moyoni: hata binadamu aliyeumbwa siku ya sita hana sifa hiyo. Akanipa noti. Nilirudi Hillbrow, nikapindua makreti yangu manne na makreti mawili ya mtu mwingine, nikapata matatu yaliyofanana kama pacha. Yalikuwa maembe ya randi tano tano. Nikayapangusa kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya kula. Mama wa Bukavu akatoa karatasi laini nyeupe zilizokuja na viatu vya binti yake, tukayavisha, tukayalaza ndani ya sanduku la chai tulilolibandika karatasi ya dhahabu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Usiku ule nilikuwa jikoni, nimeacha mlango wazi kidogo. Mkurugenzi aliletewa sanduku likiwa bado limefungwa. Alilifungua polepole, akasema neno refu kama pumzi, na nakuapia, aliliinamia embe. Mzee mwenye nywele nyeupe na suti ya maana alikiinamisha kichwa mbele ya embe langu la randi tano.

Madam aliingia jikoni macho yanameremeta. "Wanauliza linatoka wapi."

"Limpopo," nikasema. Hilo lilikuwa kweli. Kisha ulimi ukaendelea wenyewe. "Kuna mzee mmoja ana mti mmoja. Hauzi dukani. Ananiuzia mimi."

Hivyo ndivyo biashara ilivyoanza. Mke wa mkuu wa tawi la kampuni, mama mmoja mrefu ambaye wenzake walisimama kila alipoingia, ndiye aliyeagiza kwanza. Alipoagiza yeye wakaagiza wote. Maembe msimu wa joto. Baridi ikiingia, machungwa ya majani mawili, kwa sababu nilivumbua kwamba chungwa likiachiwa majani mawili mabichi kwenye kikonyo bei inapanda maradufu. Niliuza kwa masanduku, matunda matatu kwa sanduku. Sanduku moja liliniletea faida kubwa kuliko kreti zima la kona. Na kila nilipolifunga niliwadharau zaidi. Waliyakataa maembe yenye madoa meusi, ambayo mtu yeyote mwenye ulimi anajua ndiyo matamu kupita yote. Walilipa ganda. Walilipa karatasi. Hayo yenye madoa tuliyauza Hillbrow kwa watu wenye akili.

Hata yeye madam hakuwa anayala ovyo. Akipata sanduku alilizungusha: leo kwa mke wa fulani aliyemleta mwanawe kutoka hospitali, kesho kwa aliyempa lifti. Mara mbili niliona sanduku langu likitoka nyumba hiyo na baada ya siku nne likarudi kwa mlango wa nyuma kama zawadi kutoka kwa mtu wa tatu. Niliyajua maembe yangu. Nilisonya peke yangu jikoni.

Msimu uliofuata, mwanzo wa 2018, baba yake alikuja kumtembelea. Alikuwa mkulima wa fyulisi, yaani pichi. Mtu mfupi, mkavu, shingo imekakamaa kwa sababu alifanya kazi miaka mingi akiangalia juu kwenye matawi, kwa hiyo alipotaka kukutazama aligeuza mwili mzima. Hakujua neno la Kiingereza. Alipewa sanduku langu siku ya kwanza, akala embe moja lote, akamwambia binti yake kwamba anataka kumwona anayeyauza. Madam akamweleza kwamba anayeyauza ni mimi. Basi akataka kuona ninapouzia.

"Hillbrow?" madam akaniuliza, na uso wake ulionyesha kila hadithi aliyowahi kusikia juu ya Hillbrow.

"Mchana tu," nikasema. "Mje na dereva." Nilidhani hawatakuja.

Walikuja Jumamosi, saa sita mchana, ndani ya gari la kampuni. Dereva alibaki ndani, injini inawaka. Mzee akashuka na kofia yake ya nguo na glavu nyeupe, akapita katikati ya watu kama yuko shambani kwake, akachuchumaa mbele ya rundo langu la maembe. Hakunisalimu. Akaanza kuyashusha. Moja moja, akayapanga kwenye boksi nililolitandaza, kila moja na nafasi yake, vikonyo chini. Mteja wangu mmoja akasimama na randi zake mkononi akidhani mzee huyu ndiye mwenye duka.

"Mwambie aache," nikamwambia madam.

Mzee akasema maneno mengi. Madam akatafsiri machache. "Anasema maembe yanalala vibaya. Ya juu yanayakandamiza ya chini."

"Ni maembe. Si wagonjwa."

Akatafsiri. Mzee akanigeukia mwili mzima, akanitazama, na mara moja niliitambua ile sura, maana ni yangu mwenyewe. Alikuwa ananidharau.

Pembeni nilikuwa na kikapu kilichofunikwa kitambaa, chenye maembe niliyokuwa nimeyachagua kwa ajili ya masanduku ya wiki hiyo. Akafunua kitambaa bila ruhusa. Akachukua embe moja la kikapuni na moja la kwenye rundo. Akanusa hili, akanusa lile. Akachungulia vikonyo vyake. Akasema neno moja fupi, na binti yake akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Anasema," madam akanong'ona, "ni shamba moja."

Mama wa Bukavu, ambaye hakuelewa kinachoendelea isipokuwa kwamba kuna wateja, akaingilia kwa furaha na Kiingereza chake. "Yes, yes! Same, same! Yote ya marché, ya soko, all same!"

Madam akakitazama kipande cha kadibodi kilichochomekwa kwenye rundo. Kiliandikwa R5, kwa mkono wangu. Alikitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma herufi moja na tarakimu moja.

Aibu ikinipata mimi hugeuka ukali, nimezaliwa hivyo. "Mwambie baba yako," nikasema, "huku kwetu tunda linaliwa. Halivuliwi kofia. Mwambie kwao fyulisi moja inavaa vizuri kuliko watoto wa jengo hili."

Nilidhani atalainisha maneno. Naona hakulainisha, maana mzee aliyaweka yale maembe mawili chini, kisha akauliza swali.

"Anauliza kama baba yako ni mkulima."

"Wa machungwa."

"Anauliza anapata kiasi gani."

"Anachopewa."

"Kwa nini anakubali?"

"Kwa sababu chungwa halisubiri, na dalali anajua."

Mzee akakaa kwenye kreti tupu, akaeleza habari zake, na safari hii madam alitafsiri taratibu, sentensi kwa sentensi. Kwamba kila mwaka fyulisi zikiwa ndogo kama jicho la mbuzi yeye hupanda ngazi na kung'oa karibu zote. Zinazobaki huvisha kila moja mfuko wa karatasi, kwa mkono, maelfu, mikono juu kuanzia alfajiri. Ameanguka mara mbili. Mwanawe wa kiume alisema heri akauze bima, na anauza bima.

"Hizo anazong'oa," nikauliza, "anazipeleka wapi?"

"Zinabaki chini."

"Zinaoza?"

"Zinaoza."

"Basi naye anatupa!" Nikapiga makofi. "Anatupa nyingi kuliko baba yangu! Ila yeye anazitupa zikiwa ndogo ili asizione."

Hilo nalo likatafsiriwa. Na mimi, nikiwa nimeshinda, nikataka kushinda tena. Nikamgeukia binti. "Na ninyi watoto wake mlikula ngapi kwa siku? Au nanyi mlisubiri homa?"

Akatazama chini. "Nzuri ziliondoka zote kwenda sokoni. Tulikula zilizopasuka. Zenye madoa. Zilizokataliwa. Lakini hizo zilikuwa chache, baba hakosei sana."

Nilikuwa na la kusema hapo, nikalimeza. Nasi kwetu tulikula yaliyokataliwa na madalali. Ila yetu yalikuwa mengi. Sikutaka kumwambia. Sikutaka kufanana naye kwa lolote. Niliona kama nimeibiwa kitu: mtu niliyemcheka miaka miwili amekulia kwenye makapi ya shamba la baba yake, kama mimi, na kumbe wanaokula fyulisi zisizo na kosa ni watu ambao hawajawahi hata kupanda ngazi.

Mzee akainuka, akachagua kwenye rundo embe lenye madoa mengi kuliko yote, akanilipa randi tano kwa mikono miwili. Akalimenya kwa meno, amesimama, maji yanamchuruzika mpaka kwenye glavu. Akamaliza hadi kokwa likawa jeupe. Kisha akasema kitu, wakaingia garini.

"Anasemaje?" niliwahi kumwuliza madam kabla hajafunga mlango.

"Tamu. Lakini umelitesa."

Usiku ule nilimtukana yule mzee kwa Kiswahili na kwa Kibondei. Lakini Jumatatu, nilipokwenda Midrand, madam hakunifukuza. Alinimiminia chai, akaniambia jambo moja tu: "Usiwaambie wenzangu."

"Wewe hujakasirika?"

"Usiwaambie," akarudia.

Sikuwaambia. Lakini lile neno la mzee lilinirudia kila nilipofunga sanduku. Nilijiambia: hawa nao ni mabinti wa watu, pengine nusu yao wamekula makapi. Sikutaka kuwa dalali. Nikaamua kuwa mtu mwema, kosa ambalo nilikuwa sijalifanya tangu nianze biashara hiyo. Sanduku lililofuata nikaliuza kwa chini ya nusu ya bei. Maembe yaleyale. Karatasi ileile. Utepe uleule.

Ndani ya majuma mawili maagizo yalikatika. Mke wa mkuu wa tawi alirudisha sanduku lake halijafunguliwa, pamoja na barua ndogo ya adabu iliyouliza kama mzee wa Limpopo ni mgonjwa, au kama mti umezeeka. Mwingine alisema yake yana harufu. Mwingine alisema tumbo la mumewe lilimsumbua. Maembe yaleyale!

Siku hiyo ndiyo pekee niliyomsikia madam akipandisha sauti.

"Nilikuambia usiwaambie!"

"Sikuwaambia kitu! Nimepunguza bei tu!"

"Ni kitu kilekile!"

Yeye ndiye aliyewapa wenzake namba yangu. Yeye ndiye aliyewapelekea wakubwa masanduku yale kama heshima. Sasa kila mke pale ndani alikuwa akipiga hesabu ya heshima aliyopewa mwaka mzima na kuikuta imepungua nusu. Nilitaka kucheka lakini alikuwa analia, na kulia kwa sababu ya bei ya embe kushuka ni jambo ambalo sikuwahi kuliona hata Muheza, ambako sababu tulikuwa nayo.

Basi nilifanya nini? Nilinunua masanduku mapya, membamba, meusi. Nikatafuta utepe wa fedha. Nikatangaza kwamba mzee wa Limpopo alikuwa mgonjwa kweli, kijana wake aliharibu mavuno, sasa mzee amepona. Nikapandisha bei kupita ile ya kwanza. Mke wa mkuu wa tawi akaagiza masanduku sita kwa mpigo na kuandika kwamba tofauti inaonekana tangu kwenye ngozi. Wema wangu ulidumu majuma matatu, na sijaurudia. Kama nilikuwa dalali, nilikuwa dalali wa watu waliopiga magoti waibiwe.

Nilimsimulia mama wa Bukavu, nikasubiri acheke. Hakucheka.

"Dada," akasema, huku akifunga utepe, "ile siku batapunguza bei ya mahari ya binti yangu, na mimi nitauliza kama ameshikwa na ugonjwa gani."

Nikamwambia asilinganishe binti na embe. Akasema yeye halinganishi, anafunga utepe tu.

Mwezi wa tatu mwaka 2019 mume aliitwa arudi kwao. Nyumba ikafungwa kwenye maboksi, samani za kampuni zikachukuliwa. Siku moja kabla ya safari nilikwenda kufagia. Wake wenzake walikuwa wamekuja kuaga asubuhi. Kila mmoja, kwa adabu zao, alileta zawadi, na zote zilikuwa zimepangwa sakafuni sebuleni, ukutani, kwa mstari. Masanduku meusi, membamba, yenye utepe wa fedha. Kumi na moja. Wiki ile nilishangaa maagizo yamezidi hivyo mwisho wa msimu, nikadhani kuna sherehe.

Ndege yao ilikuwa kesho asubuhi. Embe halipiti uwanja wa ndege wa kwao. Maofisa wangelinyang'anya na kulichoma moto. Na kila mke aliyeleta alilijua hilo, kwa sababu kila mmoja wao amewahi kupita pale.

Madam alisimama katikati ya sebule tupu akayatazama. Bega lake likaanza kutikisika. Nilidhani analia tena. Alikuwa anacheka, na safari hii mkono haukwenda mdomoni. Akakaa sakafuni, akachana utepe wa kwanza kwa meno, akatupa karatasi huko, akanirushia embe. Hatukuwa na kisu, visu vilikuwa vimefungwa. Tulikula kwa meno, hapo kwenye vigae, mpaka viwiko vikanata. Alikula manne. Nilihesabu, kwa sababu miaka yote ile sikuwahi kumwona akila tunda zima. Mumewe alirudi akatukuta hivyo, akasimama mlangoni na mkoba wake. Mkewe akampa embe bila kuliinamia. Akaliangalia, akalegeza tai.

Hatukukumbatiana tulipoagana, si desturi yao na mimi mikono ilikuwa michafu. Alinipa masanduku manane yaliyobaki. Sikumwambia asante na yeye hakuisubiri. Nilikuwa na maneno mengine niliyoyatayarisha, kuhusu baba yake, lakini Kiingereza cha kuombea maji hakifiki huko.

Getini mlinzi alinisimamisha. Mtumishi anatoka na mifuko miwili ya masanduku meusi yenye utepe wa fedha. Hata mimi ningemsimamisha.

"Nini hivi?"

"Maembe."

"Maembe," akarudia, kwa sauti ya mtu aliyesikia uongo mwingi kazini. Akachagua sanduku moja, akafungua utepe, akafunua kifuniko, akafunua karatasi. Akatazama matatu yale yamelala. Akayainua moja moja, akatazama chini yake, akagonga sanduku kuona kama lina sakafu ya pili. Akafungua la pili. La tatu. Alifungua yote manane, kwenye meza yake ndogo, na foleni ya magari ikarefuka nyuma yangu, watu wanapiga honi.

Mwishoni akainua uso, na kwa mara nyingine nilitazamwa kwa ile sura ya yule mzee.

"Eish, sisi," akasema, yaani dada kwa lugha yao. "Maembe tu?"

"Maembe tu," nikamwambia, nikayapakia kwenye mifuko yangu bila karatasi, nikaenda kutafuta teksi.